Mizani ya Nyumbani Inapotoa Kilo Tofauti: Jinsi ya Kuijaribu na Kufuatilia Uzito Wako

Asubuhi umepanda kwenye mizani ikasema 72.4. Ukashuka, ukapanda tena hapo hapo, ikasema 73.1. Kliniki wiki iliyopita walikuandikia 75, na yule kijana anayepima watu uzito pale stendi alikuambia 71. Wengi wakifika hapa huamua kwamba mizani zote ni za uongo, wakaiweka uvunguni. Wengine hufanya jambo baya zaidi: huichagua ile namba inayowafurahisha.

Ukitaka kufuatilia uzito wako kwa miezi, ipo sifa moja ya mizani inayopita zote, nayo ni msimamo. Mizani inayozidisha gramu 800 kila siku bila kuyumba itakuonyesha vizuri kabisa kwamba umepungua kilo 3 tangu mwanzo wa mwaka, kwa sababu kosa lake liko pale pale mwanzo na mwisho. Mizani ya bei kubwa unayoihamisha leo chumbani kesho ukumbini haitakuonyesha kitu. Kwa hiyo kazi yetu ina sehemu mbili: kwanza kuifanya mizani itulie, kisha kuelewa kwa nini mwili wenyewe hautulii.

Kinachotokea unapopanda

Mizani ya mshale ina springi na wenzo ndani. Uzito wako unasukuma wenzo, wenzo unavuta springi, na springi inazungusha sahani yenye namba. Springi huchoka kwa miaka, hushika kutu, na ile sahani huweza kusogea kutoka kwenye sifuri bila wewe kujua.

Ya dijitali ina vihisi, kwa kawaida 4, kimoja kila pembe. Igeuze uone: chini ya kila mguu wa mpira kuna kipande cha chuma kilichofungwa kwenye sehemu ya plastiki. Juu ya chuma hicho umegundishwa utepe mwembamba wa waya. Ukikanyaga, chuma kinapinda kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona, na utepe unanyooka nacho. Waya ukinyooka, ukinzani wake wa umeme unabadilika. Chipu inasoma mabadiliko ya vihisi vyote 4, inayajumlisha, kisha inayageuza kuwa kilo.

Kumbuka picha hiyo, maana makosa mengi ya mizani yanatoka hapo. Mguu mmoja ukining'inia hewani, au sakafu ikizuia chuma kupinda kinavyotakiwa, jumla inaharibika.

Hatua ya 1: Ipe mizani mahali pake pa kudumu

Tafuta sakafu ngumu na iliyo sawa. Saruji iliyopigwa vizuri inafaa, vigae vinafaa, mbao zisizobonyea zinafaa. Zulia halifai, mkeka haufai, na zulia la plastiki lenye sponji chini yake halifai pia. Juu ya kitu laini miguu ya mizani inazama, tumbo la mizani linagusa zulia, na uzito wako unapita njia nyingine badala ya kwenye vihisi. Tofauti yake inaweza kuwa kilo kadhaa, tena hubadilika kila unapoisogeza.

Kwenye vigae, angalia mguu usikae kwenye ule mfereji wa kati ya kigae na kigae. Bonyeza pembe zote 4 kwa kidole, moja moja. Ikicheza kama meza yenye mguu mfupi, isogeze mpaka itulie. Kagua pia vile vipande vya mpira: kimoja kikiwa kimedondoka, na hudondoka mara nyingi, mizani imeinama na haitasema kweli mpaka ukirudishe au ukate kingine cha unene ule ule.

Ukishapata mahali panapofaa, weka alama ndogo ya chaki au utepe sakafuni. Kama ni lazima uitoe kwa sababu ya nafasi, irudishe pale pale.

Bafuni, licha ya mazoea, ni mahali pagumu kwa mizani ya dijitali. Unyevu na mvuke huingia kwenye vihisi na kwenye mguso wa betri. Halafu mizani ya kioo ikiwa na maji inateleza. Mimi napendelea pembe ya chumba cha kulala.

Hatua ya 2: Iache ianze kwenye sifuri

Mizani ya dijitali hujipangia sifuri yake. Ikisogezwa, ikigeuzwa au ikisimamishwa ukutani, sifuri ya zamani haifai tena. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuitoa uvunguni, kuitupa chini na kupanda papo hapo. Namba ya kwanza inakuwa haina maana, ya pili inakuwa nzuri, naye anashangaa kwa nini zinatofautiana.

Ukishaiweka chini, ikanyage kwa mguu mmoja iwake, ondoa mguu, subiri mpaka iandike 0.0 na izime yenyewe. Kisha ndipo upande kwa kipimo chenyewe. Kama haikusogezwa tangu jana, unaweza kupanda moja kwa moja.

Ya mshale ina gurudumu dogo pembeni au chini la kurekebisha sifuri. Ichungulie kila kabla ya kupanda, ukiitazama kutoka juu yake moja kwa moja na si kutoka pembeni, maana mshale ukitazamwa kwa upande unaonekana umesogea.

Hatua ya 3: Simama vilevile kila mara

Miguu mitupu na mikavu, katikati, uzito ukigawanyika sawa pande zote. Usishike ukuta wala mlango. Ukiinama kuangalia namba unahamishia uzito kwenye vidole, na vihisi vya mbele vinabeba zaidi ya vya nyuma. Kwenye mizani nzuri hilo halibadilishi kitu. Kwenye nyingi za madukani linabadilisha. Tazama mbele, subiri namba isimame au ipepese, kisha ndipo uangalie chini.

Hatua ya 4: Ijaribu kama ina msimamo, na ujihadhari na kumbukumbu yake

Hapa ndipo watu wengi hudanganyika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia inayokuja haraka ni kupanda mara 3 mfululizo. Inatoa 68.3, 68.3, 68.3, nawe unafurahi kwamba mizani yako ni makini. Lakini mizani nyingi za dijitali zimetengenezwa kuukumbuka uzito wa mwisho. Ukipanda tena na uzito ukawa unakaribiana na ule uliopita, kwa gramu mia chache tu, haikuonyeshi kipimo kipya. Inakurudishia kile cha zamani. Watengenezaji wanajua mnunuzi akiona namba inayorukaruka atairudisha dukani.

Kuigundua ni rahisi. Jipime. Shuka, subiri izime. Panda tena ukiwa umeshika chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo namba inapaswa kupanda kwa kama 0.5. Isipopanda hata kidogo, umeshaikamata: inakumbuka. Ikipanda, rudia na kikombe cha robo lita, maana nyingine zinaficha mabadiliko madogo tu.

Ukishajua inakumbuka, kila unapotaka kipimo kipya ivunje kumbukumbu kwanza. Panda ukiwa umebeba kitu kizito, mfuko wa mchele wa kilo 5 au begi la shule lenye madaftari. Shuka, subiri izime, kisha panda peke yako. Sasa imelazimika kupima upya.

Jaribio la msimamo basi liwe hivi: peke yako, na mfuko, peke yako, na mfuko, peke yako. Andika zile namba 3 za peke yako. Zikiwa ndani ya 0.2, una mizani ya kutegemea. Zikiachana kwa nusu kilo, rudi kwenye hatua ya 1, halafu badilisha betri hata kama haijaandika Lo, yaani betri imepungua. Zikiachana kwa kilo nzima baada ya yote hayo, usipoteze muda nayo.

Alama ya nukta isikudanganye hapo. Mizani inayoandika 68.35 haimaanishi inajua uzito wako mpaka gramu 50. Kioo kinaweza kuandika tarakimu yoyote ambayo mtengenezaji ameamua. Vihisi vinaweza kuwa havifiki huko.

Hatua ya 5: Ijaribu kama inasema kweli

Kwa kufuatilia uzito tu, unaweza kuiruka hatua hii. Lakini kama unahitaji kilo zenyewe, kwa ajili ya dozi ya dawa, fomu ya bima, au kwa sababu daktari amekupa uzito wa kufikia, ifanye.

Maji ndiyo jiwe la mizani la kila nyumba. Chukua katoni ya chupa 12 za lita 1.5 ambazo hazijafunguliwa. Ni lita 18, kwa hiyo kilo 18 na ziada ndogo ya plastiki. Kama mgongo wako una matatizo au una ujauzito, tumia chupa 6, kilo 9 na kidogo, au mpe mwingine abebe. Jipime peke yako, kisha ukiwa umeikumbatia katoni. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Tofauti ikiwa kati ya 18 na 18.6, mizani inahesabu vizuri kwenye uzito wa mtu mzima. Ikiwa 17, ujue inapunguza kwa asilimia 6 hivi, na huenda inapunguza uzito wako kwa kiasi hicho hicho.

Kwa nini usiiweke katoni peke yake juu ya mizani? Kwanza, mizani nyingine haziamki kwa uzito mdogo. Pili, mizani huweza kuwa sawa kwenye kilo 18 na ikakosea kwenye 80, na wewe unaishi kule kwenye 80. Usitumie dumu la lita 20 lililojazwa bombani, maana likijaa mpaka mdomoni hupita lita 20.

Ipo njia nyingine nzuri kwa anayeishi karibu na soko la mazao. Mizani za sakafuni za wanunuzi wa mahindi, korosho au mpunga ni mizani za biashara, na kwa Tanzania zinatakiwa kuhakikiwa na kuwekewa alama na Wakala wa Vipimo. Yako ya nyumbani hakuna anayekuja kuikagua. Mwombe mwenye duka upande juu ya yake, soma na migawanyo yake ni ya gramu ngapi, kisha nenda nyumbani moja kwa moja, bila kunywa soda njiani, ujipime na nguo zile zile. Tofauti utakayoipata ndiyo kosa la mizani yako. Liandike nyuma ya mizani kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kwa nini kliniki na stendi hawakubaliani na nyumbani

Nguo ni sababu ya kwanza. Jinzi peke yake hufika nusu kilo na zaidi, viatu vya ngozi karibu kilo, simu gramu 200, na bado kuna funguo na pochi. Kliniki unapimwa mchana ukiwa umeshakula, pengine umekunywa maji mengi kwa ajili ya kipimo cha mkojo au utrasaundi. Hapo kilo 2 zimeshajificha na mizani zote ni nzima.

Stendi, kipimo cha yule kijana kiko juu ya kipande cha boksi au lami iliyoinama, kinakanyagwa na mamia ya watu wenye viatu, kinahamishwa jua likisogea. Mlipe hela yake, ni kazi halali, ila usiiandike namba hiyo kwenye daftari lako.

Kitu kingine kinawapata walio Ulaya wanaporudi likizo na mizani yao kwenye sanduku. Mizani ya springi na ya dijitali hupima nguvu ambayo dunia inakuvuta nayo, kisha inaigeuza kuwa kilo. Nguvu hiyo ni ndogo kidogo karibu na ikweta kuliko kaskazini. Kati ya London na Dar es Salaam tofauti ni kama asilimia 0.3, kwa hiyo mtu wa kilo 70 mizani ile ile ingemwonyesha pungufu kwa gramu 200 hivi akiwa Dar, mwili ukiwa haujapungua chochote. Mizani za hospitali za zamani, zile za kusogeza vyuma kwenye fimbo yenye alama, hazina tatizo hilo, kwa sababu zinalinganisha uzito wako na uzito wa vyuma, na vyote vinavutwa sawasawa.

Na kabla ya kushtuka kwamba umefika 154, geuza mizani uangalie kitufe cha vipimo. Kilo 70 ni ratili 154, na zile zilizonunuliwa Uingereza huonyesha pia stoni: 11:0. Mtoto akibonyeza kile kitufe, unakuwa mtu mwingine.

Mwili wenyewe hautulii

Tuseme sasa mizani yako imepita majaribio yote. Bado kesho itatofautiana na leo, na safari hii inasema kweli.

Uzito wa mwili ni mafuta, misuli na mifupa, ambavyo hubadilika polepole, pamoja na maji, chakula na uchafu wa tumboni, ambavyo hubadilika kila saa. Kunywa nusu lita ya maji na umeongezeka nusu kilo papo hapo. Lala usiku kucha na unapoteza gramu mia kadhaa kwa kupumua na kutoka jasho, kabla hata hujaenda msalani. Mechi ya mpira kwenye joto la Dar inaweza kukutoa lita moja na zaidi ya jasho, na kila lita ni kilo.

Linganisha hayo na mafuta. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina nishati ya takriban kilokalori 7,700. Mtu mzima wa kawaida hutumia kama 2,000 mpaka 2,500 kwa siku. Ili uamke na kilo moja mpya ya mafuta, jana ungekula chakula chako cha kawaida na juu yake chakula cha siku 3 zaidi. Hata harusi yenye pilau ya kutosha haifikishi hapo. Kwa hiyo ukiona kilo imeongezeka ndani ya usiku mmoja, karibu yote ni maji na chakula.

Wanga una hesabu yake. Mwili huhifadhi sukari ya akiba kwenye ini na misuli, jumla kama gramu 400 mpaka 500, na kila gramu moja hukaa na gramu 3 hivi za maji. Anayeacha ugali, wali na chapati ghafla humaliza sehemu kubwa ya akiba hiyo ndani ya siku chache, na mizani inashuka kwa kilo 1 mpaka 2. Hapo ndipo matangazo ya "punguza kilo 2 ndani ya siku 3" yanapopata ushahidi wao. Siku akirudi kwenye wali, akiba inajazwa, maji yanarudi, mizani inapanda kwa kiasi kile kile, na yeye analia kwamba ameharibu kila kitu. Hajaharibu. Mafuta aliyopunguza kweli kwa siku zile hayajarudi, ila yalikuwa machache kuliko mizani ilivyomwahidi.

Chumvi hushika maji pia. Ukila papa mkavu au ng'onda usiku, au chipsi zilizonyunyiziwa chumvi nyingi, asubuhi mizani iko juu na pete inabana kidole. Baada ya siku moja au mbili figo zinayatoa. Mazoezi mapya ya nguvu hufanya hivyo hivyo: misuli inayouma inashika maji inapojitengeneza, kwa hiyo wiki ya kwanza ya mazoezi uzito unaweza kupanda. Wengi huacha mazoezi hapo, na ni hasara kubwa.

Kwa wanawake, siku za kabla ya hedhi mwili hushika maji, nusu kilo au kilo na zaidi kwa wengine. Linganisha wiki ya mzunguko na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita, usilinganishe wiki ya kabla ya hedhi na ile ya baada yake.

Mwezi wa Ramadhani unahitaji utaratibu wa peke yake. Kabla ya futari uko chini kabisa kwa sababu umekauka, na baada ya futari, uji, kachori na maji, uko juu. Jipime unapoamka kula daku, ukitoka msalani, kabla hujatia kitu mdomoni. Namba za Ramadhani zilinganishe na za Ramadhani tu.

Hatua ya 6: Chagua saa moja na uishike

Asubuhi, baada ya msalani, kabla ya kula na kunywa, bila nguo au na nguo ile ile nyepesi. Khanga moja, bukta moja. Anayefanya kazi zamu za usiku ajipime anapoamka, hata ikiwa ni saa 9 alasiri. Pima mara moja tu, andika, ondoka. Kupima asubuhi, mchana na usiku ni kujitafutia presha.

Hatua ya 7: Fuata wastani

Andika kila siku, kisha mwisho wa wiki jumlisha na ugawe kwa 7. Huu ni mfano wa wiki mbili za mtu mmoja.

Wiki ya kwanza, Jumatatu mpaka Jumapili: 78.4, 77.9, 78.8, 78.1, 79.0, 78.6, 78.3. Jumla 549.1, wastani 78.4.

Wiki ya pili: 78.2, 78.6, 77.6, 77.9, 78.5, 77.8, 77.7. Jumla 546.3, wastani 78.0.

Angalia Jumanne zake mbili. Ya kwanza 77.9, ya pili 78.6. Angekuwa anajipima Jumanne tu, angesema ameongezeka gramu 700 na pengine angekata tamaa. Angejipima Ijumaa tu, angesema amepungua nusu kilo. Wastani unasema amepungua kama gramu 400 kwa wiki, na huo ni mwendo mzuri. Wiki mbili bado ni chache. Baada ya wiki 4 wastani unakuwa na kitu cha kukuambia.

Kama huwezi kupima kila siku, pima siku 3 za wiki zilizo zile zile, na moja iwe ya baada ya mapumziko ya wiki, kwa sababu hapo ndipo nyama choma inapoonekana. Na kama namba ya asubuhi inakuharibia siku, au inakufanya uruke milo, weka mizani pembeni. Tumia futi ya fundi cherehani kiunoni mara moja kwa mwezi, na uzungumze na mtu wa afya unayemwamini.

Asilimia ya mafuta kwenye mizani za kisasa

Mizani zenye vibati vya chuma vya kukanyagia hupitisha umeme mdogo mwilini na kukisia mafuta kutokana na maji yaliyomo. Ukiwa umekauka, umetoka kuoga au umetoka mazoezini, jibu linabadilika. Sitaki hata uiandike kila siku. Mwenye kifaa cha umeme cha kuendesha mapigo ya moyo asitumie sehemu hiyo kabisa, na watengenezaji wengi huwakataza wajawazito pia.

Mabadiliko ya kupeleka hospitali

Nimesema maji hupanda na kushuka. Wapo watu ambao kwao maji hayo ndiyo ugonjwa wenyewe. Mgonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi sawasawa huagizwa ajipime kila asubuhi, na kupanda kwa kilo 2 ndani ya siku 3 ni dalili ya maji kujaa mwilini, hata kabla miguu haijavimba. Kama daktari wako amekupa kiwango chako, fuata hicho, na ukikifikia mpigie simu siku hiyo hiyo. Anayesafishwa damu kwa sababu ya figo naye ana uzito wake aliopangiwa, na mizani yenye msimamo ni sehemu ya tiba yake. Mjamzito anayepanda ghafla huku uso na mikono vikivimba, kichwa kikiuma, aende kituo cha afya bila kungoja tarehe ya kliniki.

Upande wa pili, kupungua bila kukusudia. Ukipoteza asilimia 5 ya uzito wako ndani ya miezi 6 mpaka 12 bila mabadiliko ya chakula wala mazoezi, mfano kutoka 70 mpaka 66.5, nenda ukapimwe. Kukiwa na kikohozi kisichoisha au jasho la usiku, usingoje hata wiki.

Kwa mtoto mchanga, mizani ya nyumbani haifai. Wazazi wengi hujipima wakiwa wamembeba, kisha peke yao, wakatoa. Lakini kila kipimo kina uwezekano wa kukosea gramu 100 au zaidi, na vipimo ni viwili, wakati mtoto wa miezi ya mwanzo huongezeka gramu 20 mpaka 30 hivi kwa siku. Ongezeko la wiki nzima linaweza kumezwa na makosa ya mizani. Mpeleke kliniki, apimwe bila nguo kwenye mizani ya watoto, na kadi yake ijazwe pale pale.

Ukiamua kununua nyingine

Nenda dukani na chupa yako ya nusu lita. Mwombe muuzaji aiweke mizani kwenye vigae, siyo juu ya kaunta wala juu ya boksi lake. Panda peke yako, panda na chupa, panda na begi lako zito, kisha peke yako tena. Ikitoa namba ile ile ya mwanzo baada ya begi, na ikaitambua chupa, inatosha, hata kama haina Bluetooth wala rangi nzuri. Soma uzito wa juu inaoubeba: nyingi huishia kilo 150 au 180, na ukiwa karibu na mwisho wake chagua yenye uwezo zaidi. Angalia pia inatumia betri gani. Zile bapa za duara kama sarafu, CR2032, hazipatikani kila duka la mtaani. Za kalamu ndogo, AAA, zinapatikana hata kwa Mangi.